Kumlisha Ng'ombe Alfalfa na Mikunde Mingine: Somo kwa Kaya za Pwani ya Kilwa

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza: (a) kueleza kwa nini malisho ya mikunde humfaa ng'ombe na pia huweza kumwua, (b) kuamua kama alfalfa inafaa kupandwa katika eneo lake, (c) kumwingiza ng'ombe katika malisho hayo kwa utaratibu ulio salama, (d) kumhudumia ng'ombe aliyejaa gesi tumboni, na (e) kununua mbegu, majani na dawa bila kudanganywa.

1. Kwa nini somo hili

Kwa vizazi vingi wakazi wa pwani ya Kilwa wameishi kwa uvuvi, minazi, korosho, ufuta na mihogo. Ng'ombe walikuwa wachache. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa mbung'o, mdudu anayeeneza ugonjwa wa nagana, ambaye hupenda vichaka na misitu. Hali ilibadilika mnamo mwaka 2006 na 2007, Serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Ihefu, Usangu, mkoani Mbeya. Wengi wao walielekezwa katika mikoa ya Lindi na Pwani, na Kilwa ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizowapokea. Tangu hapo ng'ombe wameongezeka, na kaya ya Somanga, Kinjumbi, Tingi au Miteja inaweza leo kumiliki ng'ombe mmoja au wawili ingawa wazee wake hawakupata kufuga.

Ufugaji mpya huja na bidhaa mpya. Mfugaji mgeni huletewa mbegu za malisho, marobota ya majani makavu, madini na dawa, na kila muuzaji huisifu bidhaa yake. Miongoni mwa bidhaa zinazosifiwa sana ni alfalfa, inayoitwa na wengine malkia wa malisho. Sifa hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba ng'ombe mwenye njaa akiingizwa katika shamba bichi la alfalfa asubuhi, anaweza kuwa amekufa kabla ya adhuhuri. Kaya yenye ng'ombe mmoja hupoteza kwa saa chache maziwa ya watoto, fedha ya ada ya shule na akiba ya miaka kadhaa. Somo hili limeandikwa ili nusu hiyo ya pili ijulikane kabla fedha haijatolewa.

2. Thamani ya mikunde

Mikunde ni jamii ya mimea inayozaa maganda yenye mbegu: kunde, mbaazi, choroko, fiwi, karanga, na pia alfalfa. Mizizi yake huwa na vinundu ambamo huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa sababu hiyo majani ya mikunde huwa na protini nyingi kuliko nyasi.

Alfalfa iliyokatwa inapoanza kutoa maua huwa na protini ya takribani asilimia 18 hadi 20 ya uzito wake mkavu. Nyasi za porini zilizokauka mwezi Septemba huweza kushuka chini ya asilimia 7. Protini ikishuka kiasi hicho, vijidudu vinavyosaga chakula tumboni mwa ng'ombe hudhoofika, naye hula kidogo ingawa majani yapo tele. Ndiyo maana katika kiangazi cha Juni hadi Oktoba ng'ombe wa pwani hukonda huku akisimama katikati ya nyasi. Mikunde kidogo kila siku huziba pengo hilo.

3. Je, alfalfa inafaa Somanga?

Alfalfa ni mmea wa asili ya Asia ya Magharibi. Nchini Oman hulimwa kwa maji ya mifereji ya falaji, mara nyingi chini ya mitende, na hukatwa mara nyingi kwa mwaka. Katika Afrika Mashariki hustawi zaidi nyanda za juu zenye ubaridi na udongo wenye rutuba. Hupenda udongo usiotuamisha maji na usio na tindikali nyingi, na mizizi yake huzama kwenda chini sana kutafuta maji.

Pwani ya Kilwa ni joto na ina unyevu. Maji yanayotuama wakati wa masika huozesha mizizi ya alfalfa, na maji ya visima vilivyo karibu na bahari huweza kuwa na chumvi ambayo mmea huu hauivumilii vizuri. Aidha, alfalfa huhitaji bakteria wake maalumu kwenye vinundu. Bakteria wa kunde waliomo katika udongo wetu hawaitoshelezi. Asiyepewa bakteria hao pamoja na mbegu huishia kuwa na mimea ya manjano iliyodumaa.

Hivyo basi, kaya ya Somanga isianze na ekari nzima. Ianze na tuta moja au mawili palipoinuka, penye maji baridi ya kumwagilia, na ilitazame kwa msimu mmoja. Wakati huohuo ifahamu kwamba iko mikunde inayoizoea pwani zaidi: kunde, fiwi, sentro, mbaazi, na miti ya lukina na gliricidia. Lukina isizidi theluthi ya chakula cha siku, kwa kuwa ina kemikali iitwayo mimosini, ambayo ikizidi humnyonyoa ng'ombe manyoya na kumdhoofisha.

Kanuni za sehemu zinazofuata zimewekwa hasa kwa ajili ya alfalfa. Mwenye kunde au fiwi naye azifuate. Hatari ni ndogo kwake, lakini haikosekani, hasa ng'ombe anapovunja uzio na kuvamia shamba la kunde changa.

4. Jinsi chakula bora kinavyoua

Tumbo la ng'ombe lina sehemu nne. Ya kwanza na kubwa kuliko zote ndiyo chungu cha kuchachushia majani. Uchachukaji huo hutoa gesi nyingi mchana na usiku, na ng'ombe mzima huitoa kwa kubeua.

Alfalfa changa ina protini inayoyeyuka upesi. Protini hiyo ikichanganyika na gesi hufanya povu jepesi na gumu kuvunjika, mfano wa ute wa yai uliopigwa. Gesi hunaswa ndani ya povu, na ng'ombe hawezi kuibeua. Tumbo huvimba na kuyabana mapafu na moyo. Kifo huweza kutokea saa chache baada ya dalili ya kwanza, na pengine ndani ya saa moja.

Si mikunde yote iliyo sawa. Ile yenye tanini, kama lukina na desmodi, ni nadra kuleta povu, kwa sababu tanini huikamata protini kabla haijafanya povu. Tanini ndiyo ile dutu inayokausha ulimi mtu atafunapo bibo la korosho. Alfalfa ina tanini kidogo mno katika majani yake.

Alfalfa iliyokaushwa vizuri nayo ni salama zaidi kuliko mbichi. Kwa mfugaji mdogo anayefunga ng'ombe wake bandani, kukata, kuanika na kulisha ndiyo njia yenye hatari ndogo kuliko zote.

5. Utaratibu wa kumwingiza ng'ombe malishoni

Anayeamua kulisha moja kwa moja shambani azingatie mambo haya.

Kwanza, ng'ombe asiingie akiwa na njaa. Alishwe nyasi kavu au mabua hadi apunguze pupa, ndipo aingizwe. Kanuni hii ikivunjwa, zilizobaki hazimwokoi.

Pili, umande uwe umekauka. Majani mabichi yaliyolowa ni hatari zaidi. Katika miezi ya mvua ni vyema kusubiri hadi saa nne asubuhi au baadaye, na kuacha kabisa siku ya mvua.

Tatu, mmea uwe umeanza kutoa maua. Alfalfa changa isiyo na maua ndiyo yenye povu jingi. Dalili nzuri ni kuona takribani shina moja kati ya kumi limechanua.

Nne, azoeshwe polepole. Siku ya kwanza asikae zaidi ya nusu saa, na mtu awepo akimtazama. Muda uongezwe kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Akishazoea, apelekwe kila siku kwa saa ileile. Kumpeleka leo, kumnyima kesho kutwa na kumrudisha mtondo humfanya aingie kwa pupa, na hatari huanza upya.

Tano, mikunde ichanganywe na nyasi. Shamba ambalo nusu yake au zaidi ni nyasi lina hatari ndogo sana kuliko shamba la alfalfa tupu.

Sita, shamba ligawanywe. Kipande kimoja kikiliwa kwa siku chache, kipumzishwe wiki nne hadi tano, na mashina yaachwe yakiwa na urefu wa sentimita 8 hadi 10. Machipukizi mapya hutoka karibu na shina. Yakitafunwa kabla mmea haujarudisha akiba yake mizizini, shamba hufa baada ya msimu mmoja. Anayetumia kamba na kigingi anaweza kugawa bila gharama ya uzio: ahamishe kigingi, na urefu wa kamba uwe ndio mpaka.

Saba, kuwe na mtu. Uvimbe huweza kuanza ndani ya saa moja tangu ng'ombe aingie. Kumfunga ng'ombe shambani na kwenda gulioni ni kumwacha peke yake katika saa ya hatari.

6. Dalili na huduma ya kwanza

Simama nyuma ya ng'ombe utazame shimo lililopo ubavuni kushoto, kati ya mbavu na nyonga. Kwa ng'ombe mzima, shimo hilo huonekana limebonyea kidogo. Likijaa na kukaza kama ngoma, gesi imekwama. Dalili nyingine ni kuacha kula, kupiga tumbo kwa mguu wa nyuma, kulala na kuinuka mara kwa mara, kutoa mate mengi, na kuhema mdomo ukiwa wazi na ulimi nje.

Ukiona dalili hizo:

• Mwondoe malishoni mara moja, na umpigie simu daktari wa mifugo au Afisa Mifugo wa kata. Namba yake iwe imeandikwa ukutani kabla ya siku hiyo.

• Msimamishe mahali penye mwinuko, miguu ya mbele ikiwa juu kuliko ya nyuma. Usimwache alale.

• Mfunge mdomoni kijiti kinene kama kidole gumba, mfano wa lijamu. Atakitafuna, mate yatatoka kwa wingi, na huenda akabeua.

• Mnyweshe mafuta ya kula, ya ufuta, karanga au alizeti, kati ya robo lita na nusu lita kwa ng'ombe mkubwa. Mafuta huvunja povu kama mpishi anavyoona anapotia tone la mafuta katika sufuria ya maharage inayofurika. Tumia chupa ya plastiki, inua kichwa kidogo tu, na umimine polepole pembeni mwa mdomo. Akikohoa, acha, mafuta yakiingia mapafuni yatamwua kwa njia nyingine. Ng'ombe aliyekwisha anguka au anayeshindwa kumeza asinyweshwe kitu.

• Sugua ubavu wa kushoto kwa viganja ili mafuta yachanganyike na povu.

Kutoboa tumbo ni kazi ya mtaalamu, na ni hatua ya mwisho. Tundu dogo halisaidii sana penye povu, kwa kuwa povu huliziba. Na kisu kichafu huleta usaha tumboni.

Ikumbukwe pia kuwa ng'ombe aliyekwamwa na kokwa la embe au kipande cha muhogo kooni huvimba vilevile. Huyu hujulikana kwa kunyosha shingo na kujaribu kumeza bila kufanikiwa. Asinyweshwe mafuta, aitiwe daktari.

7. Akifa, asichunwe kwanza

Ng'ombe aliyejaa gesi hufa akiwa amevimba. Lakini ng'ombe aliyekufa kwa kimeta naye hufa ghafla na kuvimba upesi, na huweza kutokwa damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au sehemu ya haja. Kimeta humwambukiza na kumwua binadamu, na mzoga ukipasuliwa hueneza vijidudu vinavyodumu udongoni kwa miaka mingi. Kwa macho tu, mtu wa kawaida hawezi kuwa na hakika ni kipi kilichomwua.

Kwa hiyo ng'ombe aliyekufa ghafla asichunwe, asigawiwe majirani, asiuzwe. Mzoga usikatwe wala kusogezwa, mbwa na watoto wazuiwe wasiukaribie, na Afisa Mifugo aitwe. Kwa upande wake, mnunuzi wa nyama aliye makini hukataa nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, hata ikiwa ya bei nafuu. Kaya iliyofiwa na ng'ombe ina hasara kubwa, na kishawishi cha kuokoa chochote ni kikubwa pia; lakini fedha ya nyama hiyo haiwezi kulingana na maisha ya mlaji mmoja.

8. Haki na wajibu wa mnunuzi

Mbegu. Biashara ya mbegu nchini inasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, iliyoanzisha Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, yaani TOSCI. Nunua mbegu iliyofungwa katika pakiti yenye lebo, inayotaja aina, uzito, kiwango cha uotaji na tarehe. Mbegu inayopimwa kwa kikombe kutoka guniani haina anayeijibia. Muulize muuzaji maswali mawili: aina hii imejaribiwa wapi penye joto kama la pwani, na bakteria wa kuchanganya na mbegu wako wapi? Asiyeweza kujibu anauza asichokijua. Kabla ya kupanda, hesabu mbegu 100, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku saba, kisha uhesabu zilizoota. Ekari moja huhitaji takribani kilo 6 hadi 8. Aliyepunjwa uotaji hugundua baada ya kulima, kupalilia na kungoja.

Ushauri na mbegu za malisho yanayofaa ukanda wa joto hupatikana katika vituo vya Serikali. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, yaani TALIRI, ina kituo Naliendele mkoani Mtwara. Na lipo shamba la Serikali la mbegu za malisho Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani.

Majani. Unaponunua majani, hesabu uzito mkavu, kwa kuwa maji hayamnenepeshi ng'ombe. Alfalfa mbichi ni maji kwa takribani sehemu nne kati ya tano. Tuseme, kwa mfano tu, mzigo wa majani mabichi wa kilo 20 unauzwa shilingi 3,000, na robota kavu la kilo 15 linauzwa shilingi 6,000. Mzigo wa kwanza una kilo 4 tu za uzito mkavu, yaani shilingi 750 kwa kilo. Robota, lenye ukavu wa asilimia 85, lina kilo 12.75, yaani takribani shilingi 470 kwa kilo. Kilichoonekana ghali ndicho nafuu. Lakini lifungue robota kabla ya kulipa: liwe na rangi ya kijani, harufu nzuri na majani mengi, maana protini nyingi imo majanini, si katika vijiti. Lenye ukungu au joto ndani likataliwe. Katika unyevu wa pwani, majani yaliyofungwa kabla ya kukauka huoza upesi.

Dawa. Nunua katika duka lililosajiliwa, lenye mtaalamu, na usome tarehe ya mwisho ya matumizi. Uliza ni siku ngapi maziwa yasinywewe baada ya matibabu, na uzitimize siku hizo hata kama wateja wanangoja.

Stakabadhi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dai stakabadhi, uitunze pamoja na pakiti tupu. Mbegu isipoota au dawa ikiwa bandia, vitu hivyo viwili ndivyo ushahidi wako mbele ya TOSCI, Tume ya Ushindani au ofisi ya mifugo ya wilaya.

Ardhi. Malisho yalimwe katika eneo lililotengwa kwa ajili hiyo katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Ng'ombe akiingia shamba la kunde la jirani, mwenye shamba hupoteza chakula, na mwenye ng'ombe huweza kumpoteza ng'ombe kwa povu siku hiyohiyo. Uzio mmoja huwalinda wote wawili.

9. Maswali ya kujipima

1. Ng'ombe wako amelala njaa, na alfalfa ina umande. Utafanya mambo gani mawili kabla ya kumfungulia?
2. Ubavu upi wa ng'ombe huvimba kwanza, na utautambuaje?
3. Kwa nini mafuta ya ufuta husaidia, na ni wakati gani hayafai kunyweshwa?
4. Jirani anagawa nyama ya ng'ombe aliyekufa ghafla usiku. Utamshauri nini?
5. Muuzaji anakupa mbegu ya alfalfa kwa nusu bei, bila lebo. Utamuuliza nini?

Hitimisho

Alfalfa si sumu, wala si muujiza. Ni chakula chenye nguvu, na kila chenye nguvu kinataka kipimo. Mfugaji wa pwani ajaribu mikunde inayokubali udongo wake, amshibishe ng'ombe nyasi kwanza, asubiri umande ukauke, na awepo kumtazama. Tahadhari hizo hazihitaji mtaji. Zinahitaji subira ya asubuhi moja, kila siku.